Waya wa umeme wa amplifaya unabadilisha sauti? Tuje na hesabu

Santuri Mbovu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye magrupu ya wapenda muziki kuna biashara imeingia kimya kimya: waya za umeme za amplifaya. Sizungumzii waya za spika. Nazungumzia ule waya unaotoka ukutani kwenda nyuma ya mashine, plagi ya pini tatu upande mmoja, na upande wa pili kile kichwa cheusi kinachoingia hata kwenye kompyuta ya mezani. Unaambiwa tupa huo uliokuja na mashine, weka huu mnene wenye soksi ya kusukwa na plagi ya dhahabu, uone besi inavyokaza na mwimbaji anavyosogea mbele. Huku kwetu wanauza laki kadhaa. Kwa wenzetu Ulaya na Marekani kuna waya mmoja unauzwa maelfu ya dola, na watu wananunua.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnaotaka kunipiga mjue pa kulenga. Waya mzima, wenye shaba ya kutosha na plagi iliyokaza, haubadilishi sauti. Umeme wa nyumbani kwako unaweza kuibadilisha, ethi (ule waya wa usalama unaoishia ardhini) inaweza, ekstensheni iliyochoka inaweza. Waya mzima, hapana.

Hesabu yenyewe hii hapa. Waya wa kawaida unaokuja na mashine una shaba ya milimita za mraba 0.75. Mita moja ya shaba hiyo ina ukinzani wa kama ohm 0.026. Waya una mita 1.5, umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo tunahesabu mita 3: ohm 0.078. Amplifaya ikivuta ampea 2, ambazo ni karibu wati 460 na jirani ameshakuja kugonga mlango, unapoteza volti 0.16 kati ya 230. Badilisha uweke waya wa milimita 2.5, utapoteza volti 0.05. Yaani umelipa laki kadhaa kuokoa sehemu moja ya kumi ya volti, wakati umeme wa mtaani unapanda na kushuka volti kadhaa kila mtu akiwasha pasi.

Halafu spika haziusikii umeme wa ukutani. Umeme ukiingia kwenye mashine unapita kwenye transfoma, unapita kwenye dayodi za rektifaya zinazoufanya uende upande mmoja tu, unajaza kapasita (matangi ya kuhifadhi umeme) mara 100 kwa sekunde, na kutoka kwenye hizo kapasita ndipo amplifaya inachota. Muziki unachotwa kwenye kapasita. Waya kazi yake ni kuzijaza tu.

Karibuni. Matusi tuyaache kwenye siasa.

---

Kijana wa Sabufa

Nimekaa mbele kabisa. Wajuzi njooni, mimi nina swali langu la mwisho mwisho.

---

Mzee wa Rumba

Mwanangu Santuri, heshima yako. Hesabu yako nimeiona. Mimi nasikiliza kwa masikio. Kikokotoo nilikutana nacho kwenye mafao na kikanitosha.

Nimefuatilia muziki tangu enzi za santuri na deki za kaseti. Nilipobadilisha waya kwenye pre-amplifaya yangu ya santuri, gitaa la solo lilitoka mbele na nyuma yake pakawa kimya. Sikuambiwa na muuzaji, nilisikia mwenyewe sebuleni kwangu. Kuna kelele ya chini niliizoea mpaka nikawa siioni, na siku ile ilikuwa haipo.

Na hapo kwenye hesabu umepita kwa haraka. Umesema mwenyewe kapasita zinajazwa mara 100 kwa sekunde. Basi umeme hauingii taratibu, unaingia kwa mapigo mafupi makubwa. Wastani ni ampea 2, lakini pigo lenyewe ni kubwa zaidi sana. Bomba jembamba ukilifungulia ghafla maji yanakataa kupita, na hapo ndipo waya mnene unapofanya kazi. Tena hiyo mita moja na nusu usiidharau: kwako wewe ni ya mwisho, kwa mashine ni ya kwanza.

---

Santuri Mbovu

Mzee wangu, shikamoo. Hoja ya mapigo naiachia Fundi akija, najua hayuko mbali.

Hiyo ya mita ya kwanza naikataa mapema. Mashine haijui wapi waya umeishia na wapi ukuta umeanzia. Nyuma ya soketi yako kuna waya wa milimita 2.5 uliofukiwa ukutani, tuseme mita 20 mpaka kwenye breka. Kwenda na kurudi ni mita 40, karibu ohm 0.3. Hiyo ni mara nne ya ukinzani wa huo waya unaotaka kuutupa, na yote imeungana kwenye mstari mmoja. Nyuma yake kuna mita, kuna waya wa kutoka nguzoni, kuna transfoma ya mtaa inayoshusha kutoka kilovolti 11 au 33, halafu laini mpaka Kidatu na Rufiji huko. Ukibadilisha kipande kidogo kuliko vyote, vingine vyote viko pale pale.

Wajapani angalau walifuata hoja mpaka mwisho wake. Mwaka 2016 magazeti yaliandika kuhusu wapenda sauti wa Japani waliosimamisha nguzo ya umeme na transfoma binafsi nje ya nyumba, kwa maelfu ya dola, ili wasichangie na majirani. Sikubaliani nao, ila hakuna wa kuwaambia wameishia njiani.

---

Fundi Kirumba

Nimefika. Leo wateja wachache, mvua.

Mzee wa Rumba yuko sahihi kwenye mapigo. Amplifaya yenye transfoma huvuta umeme pale kwenye kilele cha wimbi tu, volti 325 kule juu, na pigo linaweza kuwa mara nne au tano ya wastani. Basi tumpe mzee ampea 10 kamili. Mara 0.078 ni volti 0.78, kwenye kilele cha 325. Hata robo ya asilimia haifiki. Waya za transfoma yenyewe kule ndani zinapoteza zaidi ya hapo, na hizo huwezi kuzibadilisha kwa kununua kitu chenye soksi.

Niwape hesabu nyingine inayowagusa wengi. Saa mbili usiku kuna mitaa umeme unashuka mpaka 190. Amplifaya isiyo na sehemu ya kurekebisha volti zinazoingia, nguvu yake inafuata mraba wa volti. 190 kwa 230, mraba wake ni 0.68. Iliyokuwa inatoa wati 100 sasa mwisho wake ni wati 68. Inaonekana nyingi, ila kwa sikio ni upungufu wa desibeli 1.7, na huo upungufu unauona ukiibana mashine mpaka mwisho tu. Sauti ya kawaida ya sebuleni huisikii tofauti. Sasa kama volti 40 zinafanya hivyo, volti 0.1 ya waya itafanya nini?

Ila Santuri naye asitembee kifua mbele, kwa sababu waya zinazoharibu sauti zipo na nazipokea hapa mezani. Kuna waya feki zimejaa: nje wameandika 3 x 0.75, ukizichuna unakuta nyuzi chache za aluminiamu zilizopakwa shaba. Aluminiamu ukinzani wake ni mara 1.6 wa shaba, na nyuzi zenyewe hazifiki hata nusu ya unene ulioandikwa. Plagi inapata moto, skrubu inalegea, pini inaanza kutoa cheche ndogo ndogo. Hapo utasikia mikwaruzo kwenye spika, na si kwa masikio ya kitaalamu, hata mtoto anasikia. Nyingine plagi haina fyuzi kabisa, wameweka kipande cha chuma. Ukiupata waya wa hivyo, mpya wa kawaida kutoka kwa muuzaji anayeeleweka utakubadilishia sauti kweli, na pengine utakuokolea nyumba.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "nilibadilisha waya sauti ikabadilika" sikimbilii kumwita mwongo. Namuuliza ule wa zamani ulikuwaje.

---

Luthuli254

Wadau, niko Nairobi, salamu kutoka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, ukipenda utaziona hizo waya feki zikiwa zimepangwa kama mchicha.

Kuna jaribio la mwaka 2004 nadhani linafaa hapa. Klabu moja ya wapenda sauti huko California, Bay Area Audiophile Society, walichukua waya za umeme za Nordost Valhalla, zile za maelfu ya dola, wakazilinganisha na waya za kawaida. Wasikilizaji hawakuambiwa ipi imechomekwa. Walitakiwa kusema tu kama waya uliochomekwa (X) ni ule wa kifahari (A) au wa kawaida (B). Majibu sahihi yalikuwa 73 kati ya 149, asilimia 49. Ukirusha shilingi utapata hivyo hivyo. Na hawa hawakuwa watu wa kupinga waya, wengi wao walikuja wakiamini watasikia tofauti.

---

Mzee wa Rumba

Hayo majaribio ya kufumbwa macho nayajua. Unamkalisha mtu kwenye chumba si chake, spika si zake, muziki si wake, anasubiriwa ajibu kama mtihani wa darasa la saba. Halafu kubadilisha waya ni lazima uzime mashine, uchomoe, uchomeke, uwashe, usubiri. Kumbukumbu ya sauti imeshapoa. Mimi tofauti ya vitu hivi naiona baada ya wiki ya kukaa navyo.

---

Santuri Mbovu

Hoja ya kuzima na kuwasha ni ya kweli, na jaribio la namna hiyo lina udhaifu huo. Lakini mzee, udhaifu huo unakuhusu na wewe. Ulipobadilisha sebuleni kwako ulizima, ukachomoa, ukainama nyuma ya kabati, ukawasha. Kumbukumbu yako ilipoa vile vile, na juu yake ulikuwa unajua kilichobadilika na umekilipia. Hata kitufe cha sauti kikirudi kikiwa kimepita kidogo tu, nusu desibeli hivi, sikio halisemi "imeongezeka sauti". Linasema "imekuwa safi".

Kama wiki ndiyo inayokufaa, fanya wiki. Mwambie mjukuu achague kwa kurusha shilingi waya upi aweke kila Jumapili, afunike nyuma kwa kitambaa, aandike kwenye daftari lake. Wewe andika lako. Mkutanishe madaftari baada ya miezi michache. Huhitaji chumba cha mtu wala mtihani.

---

Fundi Kirumba

Kabla hatujamsumbua mjukuu, mzee wangu naomba nikuulize. Umesema ni pre-amplifaya ya santuri. Ule waya wa zamani ulikuwa umelalaje?

---

Mzee wa Rumba

Ulikuwa mrefu, nimeukunja nyuma ya kabati pamoja na nyingine. Huu mpya ni mgumu haukunjiki, ikabidi upite pembeni.

---

Fundi Kirumba

Asante sana, hapo ndipo nilipotaka.

Sindano ya santuri inatoa umeme mdogo mno. Zile za koili inayosogea zinatoa kama milivolti 0.3. Ndiyo maana pre-amplifaya inakuza mara 1,000 na zaidi, desibeli 60. Sasa waya wa umeme ukikunjwa na kulazwa juu ya waya za RCA (zile za kupitisha sauti) zinazotoka kwenye sahani ya santuri, uga wa umeme wa hertz 50 unaingia kwenye RCA, na kila kinachoingia pale kinakuzwa mara elfu. Unapata mngurumo wa chini ambao mtu anauzoea mpaka hausikii tena. Siku waya wa umeme ukihama mahali, mngurumo unaondoka, gitaa linatoka mbele. Hivyo hivyo ulivyoeleza.

Kwa hiyo ulichosikia kilikuwepo, mzee. Ila waya wa elfu kumi ukipitishwa pembeni ungekupa hicho hicho. Kama lazima waya wa umeme ukutane na wa RCA, zikatishe msalaba, zisilale sambamba. Na transfoma ya amplifaya isikae chini ya sahani ya santuri. Hapa watu wanakosea kuliko kwenye waya zote mnazogombania.

---

Mzee wa Rumba

Hilo la kupita pembeni silikatai. Lakini waya sirudishi.

---

Santuri Mbovu

Hahaha, hakuna aliyekuomba urudishe, mzee. Ni mzuri, kabati limependeza.

---

Binti wa Forodhani

Kaka zangu, samahani nimeingia katikati. Mie niko Unguja. Amplifaya yangu ina plagi ya pini tatu. Nikiunganisha laptopu kusikiliza taarabu, spika zinanguruma mfululizo. Nikichomoa chaja ya laptopu, kimya. Nikirudisha, mngurumo. Muuzaji mmoja kanambia ninunue waya wa umeme "uliochujwa". Mwengine kanambia nikate pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya na nisisumbuke. Nifanye lipi?

---

Luthuli254

Dada, hiyo ya kukata ethi inafanya kazi, nimeona wengi wakifanya.

---

Fundi Kirumba

Luthuli, inafanya kazi mpaka siku isiyofanya. Dada, pini ya ethi usiikate kabisa. Boksi la amplifaya ni la chuma. Siku waya wa laivu (ule unaoleta umeme) ndani ukikatika na kugusa boksi, ethi ndiyo inayofanya fyuzi ikatike papo hapo. Bila ethi boksi linabaki na volti 230 na anayeligusa ndiye anakuwa ethi. Bei ya kimya hiyo ni kubwa mno.

Tatizo lako linaitwa mzunguko wa ethi. Amplifaya ina ethi yake ukutani, chaja ya laptopu ina ethi yake, halafu waya wa sauti unaziunganisha mara ya pili. Ethi hizo mbili hazipo sawa kabisa, zinatofautiana kidogo, na hiyo tofauti inapita kwenye ngozi ya waya wa sauti kama umeme wa hertz 50 na vizidisho vyake. Ndio mngurumo. Uthibitisho umeutoa mwenyewe: laptopu ikienda kwa betri mzunguko umekatika, kimya. Waya wa umeme wa bei yoyote hauondoi hilo, kwa sababu na wenyewe una ethi ndani yake.

Anza na cha bure. Chomeka amplifaya na chaja kwenye ekstensheni moja, nzima, ethi zao zikutane hapo hapo. Mara nyingi mngurumo unashuka sana. Ukibaki, kuna kiboksi kidogo chenye transfoma mbili ndogo kinachowekwa kwenye waya wa sauti, si wa umeme. Kinapitisha muziki na kukata ethi ya waya huo tu. Wenye magari na wapiga muziki wanakitumia siku zote. Au tumia bluetooth, umemaliza, maana hakuna waya wa kuunganisha ethi.

Na kabla ya yote hayo muite fundi apime soketi. Apime volti kati ya laivu na nyutro (waya wa kurudisha umeme), kisha laivu na ethi. Namba zikaribiane. Akikuta laivu na ethi inasoma 90 au inachezacheza, hiyo nyumba ethi haina, kuna tundu tu. Nyumba nyingi za kupanga ziko hivyo: soketi ya pini tatu, nyuma waya mbili. Ndizo zile ukigusa boksi la mashine unahisi vijisindano. Pesa ya waya wa kifahari inatosha kufukia fimbo ya ethi ya shaba na kubaki na chenji.

---

Santuri Mbovu

Na wale wa kuchomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la ethi ili milango ya soketi ifunguke, mko wengi humu, najua. Pini nyembamba zikikaa pale hazikazi. Mashine ikivuta umeme mwingi ndipo mikwaruzo inaanza, halafu mtu anakuja kuuliza anunue waya gani.

---

Binti wa Forodhani

Nimeweka zote kwenye ekstensheni moja. Umepungua, umebaki kidogo ninapofungua sauti sana. Hicho kiboksi nitakitafuta. Ahsante Fundi, Mungu akuzidishie. Kuna moja lingine: friji likiwaka spika zinafanya "tap!" Na hilo ni ethi?

---

Fundi Kirumba

Hapana, hiyo ni swichi ya friji inapokata na kuunga mota. Inatoa cheche, na cheche inarusha mawimbi ya redio kwenye waya zote za nyumba. Hapa nikiri kichujio kinaweza kusaidia, ndicho kitu pekee ambacho wauza waya wanakigusa kwa mbali. Ila kiweke kwenye friji, pale kelele inapozaliwa. Ekstensheni yenye kichujio cha kweli au kapasita ya X2 (aina ya kufungwa kwenye umeme wa ukutani) iliyofungwa na fundi inatosha. Na friji na muziki zisichangie soketi moja.

---

Kijana wa Sabufa

Swali langu sasa. Nina sabufa ya kawaida yenye spika mbili za pembeni. Waya wake ni ule mwembamba wa pini mbili, kichwa chake kina umbo la nane, umeanza kukatika pale shingoni, mpaka niukunje ndiyo iwake. Ninunue upi sauti ipendeze?

---

Fundi Kirumba

Wowote wa umbo la nane ulio mzima, dogo. Kichwa hicho kimetengenezwa kwa ampea 2.5 na sabufa yako haifiki hata moja. Ukinunua, bonyeza waya kwa vidole uone kama ni mlaini wenye shaba ndani au ni plastiki tupu. Plagi iwe ya pini tatu za hapa kwetu, uifungue uone fyuzi ipo, weka ya ampea 3. Huo unaokunja utupe leo, usisubiri mwisho wa mwezi, hapo shingoni ndipo moto unapoanzia.

---

Kijana wa Sabufa

Kuna jamaa ananiuzia elfu thelathini anasema una dhahabu.

---

Santuri Mbovu

Mwambie akupe wa elfu tano. Kilichobaki, isogeze hiyo sabufa kutoka kwenye kona ya ukuta, hata sentimita hamsini, usikilize besi. Hiyo ni bure na utaisikia.